Gari Linamisi: Tafuta Silinda Kwanza, Koili Baadaye

Gari likianza kumisi Nairobi, yaani silinda moja au zaidi zikikosa kuwaka, neno la kwanza utakalosikia ni koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Atalisema fundi, atalisema jirani unayeegesha naye gari, atalisema hata anayekujazia mafuta. Na kwa kuwa Kirinyaga Road haiko mbali na koili zimepangwa dukani hadi mlangoni, kabla ya saa nane mchana mwenye gari ameshanunua nne, zimefungwa, na gari bado linatetemeka. Inaniuma kuona pesa za watu zikienda hivyo. Kumisi ni tatizo ambalo mara nyingi unaweza kulithibitisha kwa spana namba 10 na subira kidogo, kabla hujatoa hata shilingi.

Silinda inahitaji vitu vitatu ili iwake: cheche kwa wakati wake, hewa na petroli kwa kipimo kinachofaa, na mkandamizo wa kutosha. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo inakuwa mzigo na nyingine zinaiburuta. Koili inahusika na cheche tu. Ukiibadilisha wakati shida ni injekta inayonyunyiza petroli au valvu, umebadilisha kitu kizima kwa kitu kizima. Ninayoeleza hapa ni ya magari ya petroli yenye injekta, yaani kina Vitz, Fielder, Probox, Note, Fit na Impreza wanaojaza barabara zetu. Dizeli ina mambo yake.

Taa ikipepesa, ondoa mguu

Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kufika nyumbani au gereji, mradi usilikimbize gari. Ikianza kupepesa huku gari linatetemeka, hiyo ni habari nyingine. Kompyuta ya gari imegundua kwamba petroli isiyochomwa inapita kwenda kwenye eksozi kwa wingi unaoweza kuharibu katalitiki, kile kisafishaji cha moshi kilicho kwenye eksozi. Petroli hiyo huwakia humo ndani, joto hupanda kupita kiasi, na ile kauri yenye vitundu huyeyuka na kuziba. Eksozi ikishaziba, gari halipandi mlima hata ukiweka plagi mpya kila siku, na gharama ya katalitiki huwezi kuilinganisha na ya koili moja. Kwa hiyo punguza mwendo, toka kwenye njia ya kasi, na kama uko Thika Road au Expressway, tafuta mahali pa kutokea palipo karibu.

Je, kweli linamisi?

Si kila mtetemo ni kumisi. Kanyaga breki, weka gia ya D, sikiliza, kisha rudisha N. Kama mtetemo unakwisha kwenye N na mngurumo wa eksozi ni ule ule, anza na mauntingi, ile mipira inayoshikilia injini. Magari ya silinda tatu, kama Vitz ya sisi 1000 na Note ya 1200, hutetemeka kidogo kwa maumbile yake, na mauntingi zikichoka mtetemo huo unaingia hadi kwenye kiti. Gari la CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na hatua za gia, likitetemeka wakati wa kuondoka tu, na mshale wa mizunguko ya injini umetulia, kagua oili ya giaboksi kabla ya kugusa injini.

Kumisi kwenyewe kunasikika. Simama nyuma ya gari injini ikinguruma mahali pamoja, weka kiganja mbali kidogo na mdomo wa eksozi. Injini nzima husukuma hewa kwa mapigo yanayofuatana sawasawa. Injini inayomisi huruka pigo, na kama silinda moja imekufa kabisa, pengo hilo hurudi kwa zamu ile ile bila kukosa.

Silinda gani?

Hili ndilo swali ambalo mafundi wengi hulipita, na ndilo lenye thamani kuliko yote. Kifaa cha kusomea misimbo ya hitilafu ya kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth hakina bei ya kutisha, na kitakuonyesha P0301, P0302, P0303 au P0304. Tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. P0300 maana yake kumisi kunahama kutoka silinda moja hadi nyingine, na hiyo ni dalili ya kitu kinachohudumia silinda zote: mafuta, hewa inayovuja, au presha ya pampu. Ukiona P0300 pamoja na P0171, ambao unasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, usiwaze koili kabisa.

Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaongei vizuri na vifaa vya bei ya chini. Kama kifaa kinakataa kuunganisha, tafuta fundi mwenye mashine inayolijua gari lako. Kukataa huko peke yake hakumaanishi kompyuta imekufa.

Silinda ya kwanza iko wapi? Kwenye injini za kawaida za Toyota na Nissan zilizolala kwa mapana, hesabu inaanzia upande wa mikanda. Subaru hesabu yake ni tofauti: silinda ya 1 na ya 3 ziko upande wa kulia, yaani upande wa dereva kwa magari yetu, na ya 2 na ya 4 ziko kushoto. Zile Subaru za injini ya EJ zenye koili moja kubwa na waya za plagi zina jambo la ziada: koili hiyo hulisha silinda ya 1 na 2 kwa pamoja, na 3 na 4 kwa pamoja. Silinda ya 1 na 2 zikimisi zote mbili, hapo kweli una sababu ya kuishuku koili.

Huna kifaa? Zima injini, chomoa soketi ndogo ya koili moja, washa, sikiliza, zima, rudisha. Endelea na inayofuata. Silinda nzima ukiikatia umeme, injini itazidi kuyumba. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokufa. Usiiache injini ikinguruma hivyo kwa muda, kwa sababu ile ile ya katalitiki. Na usivute koili nzima kutoka kwenye plagi injini ikiwa inawaka, kama wanavyofanya baadhi ya mafundi kujionyesha: humo mna volti makumi ya maelfu, na umeme huo ukikosa plagi hutafuta njia nyingine, pengine mkono wako au kompyuta ya gari.

Hamisha kabla ya kununua

Tuseme umepata P0303. Injini ipoe kwanza. Fungua boliti ya koili ya 3 na ya koili ya 1, zibadilishane nafasi, futa msimbo, endesha gari mpaka taa irudi. Ikirudi na P0301, koili ni mbovu, umethibitisha, nunua moja tu. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Sasa hamisha plagi ya 3 kwenda silinda ya 4 na ya 4 kuja 3. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha koili na plagi kwa mkupuo, kumisi kukihama hujui kumefuata nini.

Kuna anayesema mita ya umeme inatosha kupima koili. Kwa koili za zamani zenye waya za plagi, sawa. Lakini koili za kusimama juu ya plagi, kama za Toyota zenye waya nne, zina saketi ya elektroniki ndani yake, na omu unazosoma pale hazikuambii kama itatoa cheche ikiwa moto na injini imebeba mzigo. Kuhamisha kunakuambia.

Plagi ikiwa mkononi, ichukue hadi kwenye mwanga wa jua uitazame vizuri. Ncha yenye rangi ya kahawia iliyofifia au kijivu imekuwa ikifanya kazi. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, injekta inanyunyiza ila cheche haipo. Masizi makavu ni petroli nyingi kupita kiasi, oili nzito ni ringi za pistoni au sili za valvu, na ncha nyeupe iliyooshwa safi kuliko wenzake inaashiria maji ya rejeta yanaingia humo. Kisha geuza uangalie kauri, ile sehemu nyeupe ya juu. Ukiona mstari mweusi mwembamba, kana kwamba mtu ameuchora kwa penseli kutoka juu hadi kwenye chuma, umeme umekuwa ukiteremka pembeni badala ya kuruka kwenye ncha. Angalia pia ndani ya mpira wa koili: mara nyingi utakuta mstari mwenzake. Plagi mpya ikiingia kwenye mpira huo wa zamani, gari litatulia kwa muda tu na kuanza tena. Badilisha vyote viwili. Kwa koili nyingi mpira huuzwa peke yake.

Injekta huja mwisho kwa sababu kuifikia ni kazi. Kabla ya kuifungua, weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na mpini sikioni, injini ikiwaka, uangalie nywele na nguo zisikaribie mikanda. Injekta hai inagonga harakaharaka. Iliyokufa iko kimya. Kipimo cha umeme hapa kina maana: injekta nyingi za magari haya husoma kati ya omu 12 na 16, na iliyokatika ndani haisomi kitu.

Likipanda mlima tu

Barabara tambarare gari ni zuri, ukiingia Waiyaki Way kupanda kutoka Kangemi, au Limuru Road kupita Ruaka, linaanza kurusha. Hii ni dalili ya cheche dhaifu. Ukikanyaga mafuta, hewa nyingi zaidi hubanwa kwenye silinda, na kadiri hewa inavyosongamana ndivyo cheche inavyohitaji volti kubwa kuruka. Plagi iliyolika, ambayo pengo lake limepanuka kupita kipimo, inadai volti ambazo koili iliyochoka haina. Kwa injini ya 1NZ ya Fielder na Probox, pengo la plagi mpya ni karibu milimita 1.1. Kila injini ina lake, lisome kwenye kitabu.

Kwa sababu hiyo hiyo, gari linalovumilia Nairobi linaweza kuanza kumisi ukishateremka Mombasa, kule hewa ni nzito kuliko huku juu. Kama una safari ya pwani na plagi hujui umri wake, zifungue uzitazame kwanza. Magari tunayoagiza yanaruhusiwa kufikisha hadi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na plagi za iridiamu zinazotajwa kudumu takriban kilomita 100,000 huenda zilifika bandarini zikiwa ukingoni. Mita ya kilomita isikudanganye. Amini unachokiona kwenye ncha.

Kununua plagi kunataka macho. Iridiamu halisi ina ncha ya katikati nyembamba sana, iliyochomelewa kwa usafi. Bandia huwa na ncha nene au iliyopakwa rangi tu, na maandishi ya kauri ukiyasugua kwa kidole yanafifia. Wakati wa kufunga, zungusha kwa vidole mpaka plagi ikae, ndipo spana iingie: nusu mzunguko hivi kwa plagi mpya yenye washa, ile pete ya chuma. Hedi, sehemu ya juu ya injini plagi zinamofungwa, ni ya aluminiamu. Uzi ukiharibika, umeingia kwenye kazi nyingine kabisa.

Limeanza baada ya mvua au kuoshwa

Kama jana uliosha injini kwa mashine ya presha na leo linamisi, usitafute mbali. Maji yamekaa kwenye mashimo ya plagi. Toa koili, fyonza maji kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti au puliza kwa kompresa, kausha mipira, rudisha. Plagi usiifungue kabla shimo halijakauka, la sivyo maji na mchanga vinaingia kwenye silinda. Nawasihi wenye magari: mwoshaji akikuuliza kama akuoshee injini, mwambie atumie kitambaa.

Ukikuta oili badala ya maji, gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, au sili za mashimo ya plagi zimekauka. Oili hulainisha na kuvimbisha mpira wa koili mpaka uanze kuvujisha umeme. Hapa watu wengi hufuta oili, huweka koili mpya, na baada ya miezi michache wanarudi dukani. Gasketi ndiyo tiba, nayo bei yake ni nafuu.

Linatetemeka likisimama, likikanyagwa linatulia

Kinyume cha mlima. Hapa kuna hewa inayoingia bila kupimwa. Injini ikinguruma mahali pamoja inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo ufa mdogo unaharibu mchanganyiko wote. Ukikanyaga, hewa inakuwa nyingi na ufa hauna uzito tena. Kagua mipira midogo inayoingia kwenye manifoldi, njia ya hewa kuelekea silinda, hasa inapopinda, na gasketi ya manifoldi yenyewe. Sikiliza mluzi. Nyunyizia maji kidogo kidogo sehemu unayoishuku: mngurumo ukibadilika, umepata. Kuna wanaonyunyizia petroli. Eksozi iko pale pale, ina moto. Usijaribu.

Asubuhi tu, likiwa baridi

Baridi ya Julai hufichua mengi. Gari likimisi dakika ya kwanza kisha likatulia, jiulize kimeingia nini kwenye silinda usiku. Moshi mweusi na harufu ya petroli vinaashiria injekta inayodondoka. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu, na kulanti (maji ya rejeta) inayopungua bila kuonekana chini ya gari, vinaashiria gasketi ya hedi. Mvuke mwepesi wa asubuhi ni kawaida, hata matone ya maji kwenye eksozi; kulanti inayopungua si kawaida kamwe. Usisubiri ipande joto ukiwa kwenye msongamano wa Mombasa Road ndipo uamini.

Limeanza baada ya kujaza mafuta

Uliingia kituoni gari likiwa zima, ukatoka, baada ya kilomita chache linakohoa na P0300 imewaka. Maji kwenye tangi la kituo, au mafuta taa yaliyochanganywa. Biashara hiyo ya kuchanganya ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili isiwe na faida tena. Chukua sampuli kwenye chupa safi ya kioo uiache itulie: maji hukaa chini, na mstari unaonekana. Mafuta taa hayaonekani hivyo, ila huacha plagi zote zikiwa na masizi na injini inagonga ukipanda. Tangi limwagwe, lisijazwe juu yake kwa matumaini. Tunza risiti, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hupokea malalamiko.

Silinda ile ile, cheche ipo, injekta inagonga

Sasa ni mkandamizo, na hapa nataka usomaji wa makini kwa sababu injini nzima zimehukumiwa bure. Plagi zote zitolewe, fyuzi ya pampu ya petroli na soketi za koili zichomolewe, kanyaga mafuta hadi mwisho, stata izungushe injini mapigo kadhaa, kisha soma geji ya mkandamizo iliyofungwa kwenye shimo la plagi. Kitabu cha 1NZ kinasema takriban psi 213. Fundi akisoma 175 anakutazama kwa huruma na kuanza kuzungumzia injini nyingine. Lakini kitabu hakikuandikiwa mahali palipo mita 1,700 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa ya Nairobi ni chini ya ile ya pwani kwa kama asilimia 18, na geji hushuka kwa kiasi hicho hicho. Psi 175 hapa ni injini nzima.

Linganisha silinda kwa silinda. Kwa injini hiyo, tofauti isizidi psi 14. Ikiwa tatu zina 170 na moja ina 90, tia kijiko cha chai cha oili kwenye ile ya 90 upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu iliyoungua au isiyofunga, au gasketi ya hedi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeungua katikati yao. Mwombe fundi akuandikie namba zote nne kwenye karatasi, uwepo wakati anapima. Asiyetaka kukuonyesha geji, usimruhusu afungue hedi.

Likishatulia

Futa misimbo, kisha rudi kwenye mazingira yale yale: mlima ule ule, au asubuhi na mapema, au baada ya gari kusimama muda huku AC inafanya kazi. Kuzunguka mtaa mara moja hakuthibitishi chochote kwa gari lililokuwa likimisi Limuru Road. Vifaa vingine huonyesha hesabu ya kumisi kwa kila silinda. Itazame ikibaki sifuri ukiwa unapanda.

Mwisho vuta kijiti cha oili ukinuse. Gari lililokimbia kwa siku nyingi na silinda iliyokufa huteremsha petroli pembeni mwa pistoni hadi kwenye oili. Kiwango kikiwa kimepanda kuliko ulivyokiacha, na harufu ya petroli ni wazi, mwaga oili hiyo na ubadilishe filta, hata kama ilitiwa juzi, kwa kuwa oili iliyochujuka haiwezi tena kulinda beringi za injini uliyoitengeneza hivi punde.